Siku nzima na familia kwenye makumbusho ya wazi: mwongozo kamili, kuanzia kupanga mpaka jioni mkirudi

Makumbusho ninayoongelea hapa sio yale ya ukumbini yenye makabati ya vioo. Ni yale ya nje kabisa, nyumba za zamani zimepangwa uwanjani kama kijiji au mtaa mzima, na ndani kuna watu wamevaa mavazi ya enzi hizo wanafua chuma, wanasokota uzi, wanakoka moto, wanalisha wanyama, na wewe unaingia unaangalia, unauliza, sehemu nyingine unapewa na wewe ujaribu. Kwa familia yenye watoto sijaona matembezi yanayofundisha zaidi ya haya, lakini pia ni rahisi sana siku nzima ikaishia kwenye kuburuzana, watoto wanalia njaa, wazazi wanakimbizana na ramani ili "tusikose kitu".

Kwa hiyo jambo kubwa naliweka hapa mwanzoni kabisa: msijaribu kuona kila kitu. Chagueni kitu kimoja mkifuate kijiji kizima, nitaeleza hapo chini namna ya kufanya. Familia iliyokaa nusu saa kwa mhunzi mmoja imejifunza kuliko iliyochungulia nyumba thelathini mlangoni.

Hatua ya 1: jueni mnakwenda makumbusho ya aina gani

Hii watu wengi wanairuka alafu wanashangaa wakifika. Wazo lenyewe lilianzia Skandinavia, mwaka 1881 Oscar wa Pili, mfalme wa Sweden na Norway, alianza kukusanya majengo ya zamani pale Bygdøy, Oslo, na mwaka 1891 msomi wa Sweden, Artur Hazelius, akafungua makumbusho ya Skansen mjini Stockholm. Hazelius alikuwa anaona viwanda na miji inafuta maisha ya vijijini mbele ya macho yake, ndo akawa anabomoa nyumba kutoka kila upande wa Sweden, anazihamisha na kuzijenga upya sehemu moja, na hakutaka zikae tupu, aliweka watu na wanyama humo. Toka hapo wazo likasambaa dunia nzima, Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho tangu miaka ya 1960, Nairobi Bomas of Kenya ilianzishwa 1971, Japani, Kanada, Uswisi, kote utayakuta.

Sasa aina zake. Kuna yale ya nyumba zilizohamishwa kutoka mbali, kama Skansen, au Ballenberg kule Uswisi ambako kuna nyumba zaidi ya 100 kwenye eneo la hekta 66 hivi, maana yake kwa miguu ya mtoto wa miaka minne hapo hamuwezi kumaliza, msijidanganye. Kuna yaliyojengwa upya kwa utafiti kwa sababu nyumba za asili hazikubaki, mfano Plimoth Patuxet kule Massachusetts, Marekani, inayoonesha maisha ya walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa pale miaka ya 1620. Kuna ambayo ni mji wenyewe pale pale ulipokuwa, kama Colonial Williamsburg kule Virginia, walianza kuukarabati miaka ya 1920 kwa hela ya tajiri Rockefeller. Alafu kuna ile ninayoipenda kupita zote, Guédelon kule Ufaransa, ambako tangu 1997 wanajenga ngome kwa mbinu za karne ya 13 tu, mawe wanachimba hapo hapo, mbao za msitu wa hapo hapo, na winchi ya kupandisha mawe inazungushwa na mtu anayetembea ndani ya gurudumu kubwa la mbao.

Kujua aina kunakusaidia kujua cha kuuliza. Kwenye nyumba iliyohamishwa swali zuri ni ilitoka wapi na ilikuwa ya nani. Kwenye iliyojengwa upya uliza, mmejuaje kwamba ilikuwa hivi? Mara nyingi jibu lake linanoga kuliko nyumba yenyewe, watakwambia habari za mashimo ya nguzo yaliyokutwa ardhini, michoro, orodha za mali za marehemu, barua.

Jingine la kujua mapema ni namna wahudumu wanavyoongea. Kuna wanaoigiza kabisa, yaani yeye ni mtu wa mwaka ule na hatoki nje ya huo mwaka, ukimuuliza habari za simu atakutolea macho. Na kuna wanaovaa mavazi ya zamani ila wanaongea kama mtu wa leo, "zamani walikuwa wanafanya hivi". Mwambie mtoto kabla hamjafika, maana mtoto mdogo akikutana na mtu anayesema hajawahi kuona gari anaweza kuogopa au akadhani anadanganywa. Mkiambiana nyumbani kwamba huyu anacheza sehemu yake na sisi tunacheza naye, inageuka raha.

Hatua ya 2: ratiba kwanza, tarehe baadae

Wengi wanachagua tarehe alafu ndo wanaangalia kuna nini. Geuza. Ingia tovuti yao au piga simu, uliza siku gani mafundi wapo, maana kuna siku nyumba ziko wazi ila karakana zimefungwa, na nyumba bila watu mtoto anachoka ndani ya dakika kumi. Uliza pia msimu, kwenye nchi za baridi mengi yanafunga au yanapunguza shughuli, na siku za kukata manyoya ya kondoo au kuvuna zinakuja mara moja kwa mwaka.

Siku za wiki asubuhi mara nyingi kuna mabasi ya shule, mchana yanaondoka panatulia. Wikendi na sikukuu kuna maonyesho mengi ila foleni nayo ndefu. Mimi nikipewa nafasi nachagua siku ya kawaida yenye maonyesho machache, fundi anakuwa na muda wa kuongea na mtoto wako mmoja mmoja na hapo ndo kuna utamu wote.

Kama kuna bibi au babu, mjamzito, au mtu wa kiti cha magurudumu, piga simu kabisa usitegemee tovuti. Njia zao nyingi ni za mawe au udongo, vizingiti viko juu, milango finyu, ngazi za zamani kali. Makumbusho mengine wana usafiri wa ndani, Beamish ya kaskazini mwa Uingereza kwa mfano ina tramu na mabasi ya zamani yanayozunguka, na hiyo kwa wazee inabadilisha siku nzima.

Hatua ya 3: chagueni uzi wa siku

Hapa ndipo penyewe. Usiku kabla ya kwenda kaeni na watoto mchague kitu kimoja mtakachokifuata. Sio mada kubwa ya shuleni, ni kitu cha kushika. Nakupa minne ninayoijua inafanya kazi popote.

Maji. Mkiingia tu ulizeni kisima au mto uko wapi, alafu kila nyumba mnayoingia mtoto akadirie umbali. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bado uzito wa ndoo yenyewe. Wakiruhusu achote, hata nusu ya kindoo kidogo, abebe mpaka nyumba ya karibu. Alafu muulizane, ya kupikia safari ngapi, ya kuoga je, ya ng'ombe je, na nani alikuwa anazifanya hizo safari. Baada ya hapo mtoto anaiangalia nyumba iliyo mbali na kisima kwa jicho jingine kabisa.

Moto. Nani anauwasha, kwa nini, moshi unatokea wapi. Jikoni, kwa mhunzi, tanuri la mkate, kwa mfinyanzi, mshumaa. Ingieni chumba chenye kidirisha kimoja msiwashe tochi ya simu, simameni kimya mpaka macho yazoee, muone kama mngeweza kushona humo ndani.

Unga. Kuanzia shambani, kupura, kupeta, kusaga, mpaka mkate. Kwenye kinu cha maji mwoneshe mtoto kwamba jiwe la chini limetulia, la juu ndo linazunguka, na yamechongwa mifereji inayokata nafaka na kuusukuma unga nje. Mifereji inaisha makali, inabidi jiwe linyanyuliwe lichongwe tena. Muulize msagaji anajuaje unga uko sawa, uwezekano mkubwa ataupikicha kati ya dole gumba na kidole atakwambia kwa kuugusa.

Nguo. Huu ni mrefu na ni mzuri kwa watoto wakubwa. Kondoo, kukata manyoya, kuosha, kuchana, kusokota, kupaka rangi, kufuma, kushona. Kabla ya viwanda, kumfanya mfumaji mmoja asikae bure kulihitajika wasokotaji kadhaa, na kuchana sufu ilikuwa kazi ya watoto. Mtoto wa miaka kumi akiisikia hiyo huku ameshika chanuo mkononi, utaona uso wake.

Uzi wenu usiwe sheria. Wakikutana na farasi wanataka kusimama, simameni. Ni wa kuwarudisha njiani pale mnapokuwa hamjui muelekee wapi.

Hatua ya 4: viatu na begi

Viatu vya kufunika vidole kwa kila mtu, ndala na sendo zibaki nyumbani, karibu na mhunzi kuna vipande vya moto na kwenye mazizi mnajua kuna nini. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, koti la mvua, nguo za kubadilisha kwa wadogo maana watashika udongo, na waachwe washike. Vitafunwa vya kula mkiwa mnatembea. Hela taslimu kidogo, vibanda vingine ndani havina mtandao. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kitakusumbua kwenye mawe, mbeleko ni bora zaidi.

Kama kuna mwenye pumu msisahau dawa yake ya kuvuta, na mjue nyumba nyingi zina moto wa kuni unaowaka kweli ndani, sio mapambo. Huyo achungulie dirishani au msubiri karakana yenye hewa.

Daftari dogo na penseli kwa kila mtoto. Simu ya picha aishike mtu mmoja tu kwa zamu.

Hatua ya 5: mkifika

Fikeni wanapofungua geti. Choo kwanza, wote, hata anayesema hajisikii, kwa sababu vyoo viko vichache na vinajificha ili visiharibu sura ya zamani. Chukueni ramani, someni ubao wa ratiba ya siku, chagueni maonyesho mawili tu ya saa maalumu, moja asubuhi moja mchana. Mawili yanatosha.

Alafu nendeni mwisho wa kijiji moja kwa moja. Karibu kila mtu anasimama nyumba ya kwanza karibu na geti, panajaa hapo, kule mwisho fundi yuko peke yake ndo anawasha moto wake. Mnaanzia kule mnarudi taratibu, na uchovu ukija mnakuwa karibu na kutokea.

Hatua ya 6: namna ya kuingia nyumba

Kabla ya kuingia simameni nje mtazame. Paa lina mteremko gani? La nyasi lazima liwe kali maji yakimbie, likilala linavuja na kuoza. Mlango mbona mfupi? Madirisha mbona madogo? Kioo kilikuwa ghali na joto lilikuwa linatoka. Mwacheni mtoto akisie kwanza kabla hujamwambia, akikosea sio shida, muulizeni mhudumu mkiingia.

Ndani angalieni juu. Masizi meusi kwenye boriti sio uchafu uliosahaulika, moshi ulikuwa unasaidia kufukuza wadudu wanaokula nyasi na mbao za paa. Angalieni chini, kizingiti kimelika katikati na miguu ya watu wa miaka mingi. Na kama ni nyumba ya mbao, mpe mtoto kazi ya kutafuta alama zilizochongwa kwenye maungio ya boriti, mistari mistari. Maseremala walikuwa wanatia alama ili kila kipande kirudi mahali pake wakati wa kusimamisha, na nyumba zinapohamishwa makumbusho nayo hutia namba vipande hivyo hivyo kimoja kimoja. Watoto wanaweza kukaa humo muda mrefu sana kwa ajili ya hizi alama tu.

Kitanda, kiti, kinu, ulizeni kabla ya kushika. Vingine ni nakala za kutumia, vingine ni vyenyewe vya zamani, kwa macho huwezi kujua.

Hatua ya 7: kwa fundi

Msalimieni kwanza. Inaonekana ndogo ila wageni wengi wanaingia na kamera bila hata salamu, na fundi ni mtu yuko kazini. Picha ombeni. Alafu kaeni kimya mtazame kipande kimoja cha kazi mwanzo mpaka mwisho kabla ya swali lolote.

Kwa mhunzi kuna mengi ya kuona. Kuna mvukuto unaopuliza makaa, koleo, nyundo, fuawe. Mwambie mtoto asiangalie nyundo, aangalie rangi ya chuma, ndo kipimo cha mhunzi. Kinaanza wekundu uliokolea, kinakuja chungwa, kinaelekea njano, na kikianza kurusha cheche chenyewe mle motoni ujue kinaungua kinaharibika. Ndo maana karakana huwa na kiza, kwenye mwanga mkali rangi hazionekani vizuri. Na hili la usalama lirudie mara mbili: chuma cheusi sio lazima kiwe kimepoa. Chuma huanza kung'aa kwenye joto la kama nyuzi 500, kikiwa 300 ni cheusi tu na kinakuunguza vibaya. Kwenye karakana mikono ya watoto inakaa mifukoni mpaka fundi mwenyewe aseme shika hiki.

Maswali. "Hii ni nini" inaisha haraka. Jaribuni: ulijifunza kwa nani na muda gani, sehemu ipi ngumu kuliko zote, kitu gani watu wanakosea mara nyingi, ukiharibu unafanyaje, mtoto wa umri wangu angepewa kazi gani hapa. Hili la mwisho ndilo bora, mafundi wengi wakiulizwa hivyo wanampa mtoto hiyo kazi hapo hapo.

Wadogo chini ya miaka mitano wanataka wanyama, maji, na kitu cha kuzungusha, usiwasomee mabango. Kati ya sita na kumi ndo umri wa dhahabu, wanataka kujaribu kila kitu. Vijana wa kumi na tatu kwenda mbele wasilazimishwe kutembea na wadogo, wapeni ramani na saa ya kukutana, na mmoja mpe kazi ya kurekodi fundi akieleza kazi yake, kwa ruhusa ya fundi. Bibi na babu wakiwepo, waulizeni wao kabla ya mhudumu, mara nyingi kifaa kilichowekwa pale wamekitumia wenyewe, na nimeona wahudumu wakiacha kazi wakaja kusikiliza.

Hatua ya 8: wanyama na kunawa

Hapa sina mzaha. Wanyama wa kufugwa, hata wanaoonekana safi na wenye afya, wanaweza kubeba vijidudu kama E. coli, na watoto chini ya miaka mitano ndo wanaumwa vibaya zaidi. Baada ya kushika mnyama au hata uzio wa zizi, mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Jeli ya mkononi haitoshi badala ya sabuni. Zizini hakuna kula, hakuna chuchu bandia, hakuna vidole mdomoni. Na msile mpaka mmenawa.

Hatua ya 9: yale mazito

Makumbusho haya yana hatari ya kuifanya zamani iwe tamu tu, mkate wa moto na farasi. Wazazi msiiache hivyo. Kwenye nyumba kubwa nzuri mwulize mtoto, nani alikuwa anafagia hapa, analala wapi huyo? Williamsburg karne ya 18 zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa, na kwa miongo mingi wageni walikuwa wanatembezwa bila kuambiwa hilo vizuri. Plimoth ilibadilisha jina 2020, ikaongeza Patuxet, jina la mahali hapo kwa Wawampanoag waliokuwepo kabla ya Waingereza. Kule sehemu ya wenyeji wafanyakazi wa asili hawaigizi, wanaongea kama wao wenyewe, watu wa leo, kwa hiyo watoto waambiwe wasiwaongelee kama watu waliokwisha.

Kwa mtoto mdogo sentensi mbili za kweli zinatosha. Mkubwa mwache aulize mpaka mwisho, na kama mhudumu anakwepa swali, mlijadili nje ya nyumba.

Hatua ya 10: mchana na kutoka

Kuleni mapema kidogo kabla ya wengine, kaeni chini kweli, nusu saa bila kutembea. Kama kuna tanuri la mkate ndani nunueni asubuhi, unaisha. Mchana kazi ni mbili tu: yale maonyesho ya pili, na kurudi sehemu moja ambayo watoto waliipenda. Kurudi ni muhimu, safari ya pili kwa fundi yule yule mtoto anakuta kile kisu au chungu kimefika hatua nyingine, na anauliza maswali ambayo asubuhi hakuwa nayo.

Ondokeni bado mna nguvu, msingoje kilio. Duka la zawadi mpangie mtoto kabla, kitu kimoja, na kama kuna kilichotengenezwa na fundi mliyemwona ni bora mara mia kuliko cha plastiki.

Jioni msiwahoji kama mtihani. Toeni daftari, kila mmoja achore ramani ya kijiji kwa kichwa, bila kuangalia ile ya karatasi, muone nani kaweka kisima wapi. Wikendi inayofuata rudieni kazi moja nyumbani, kubeba maji ya siku nzima kwa ndoo, au kusokota uzi kwa kijiti.

Na kabla hamjatoka getini ulizeni habari ya tiketi ya mwaka. Sehemu kama Beamish wanayo ya kuingia miezi 12, na kwa familia mara nyingi safari ya pili tu inakuwa imeshalipa. Mkiwa nayo hata saa mbili zinatosha, mnakwenda kwa mfinyanzi mnarudi.